Kazi ya nambari tisa katika raga ya kulipwa: kijana wa Malindi ana njia gani?

Mzazi wa Maweni (Malindi)

Assalam aleikum wanajamvi.

Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Pwani, na tangu alipoingia kidato cha pili anacheza raga katika nafasi ya nambari tisa. Likizo iliyopita mwalimu wake wa michezo alinipigia simu kunieleza kwamba kijana ana mikono myepesi, anauona uwanja mapema kuliko wenzake, na kwamba akilelewa vizuri huenda raga ikawa kazi yake ya maisha. Nilimshukuru, lakini nilibaki na maswali mengi kuliko furaha, kwa sababu mimi ni mtu wa mashua. Nimevua, nimepeleka watalii kwenye hifadhi ya bahari, na mchezo ninaoujua ni kandanda.

Ninachotaka kufahamu ni kazi yenyewe. Nambari tisa anayelipwa hufanya nini hasa hata alipwe? Mwanangu ni mfupi na mwembamba, na wachezaji wa raga ninaowaona kwenye televisheni ni majabali ya watu. Je, umbo lake litamfungia mlango? Kazi hiyo hudumu miaka mingapi, hulipwa na nani, na kijana anayetoka Malindi, ambako sijawahi kuona ligi ya raga, huifikia kwa njia ipi? Mama yake ana hofu ya shingo na kichwa. Mimi nina hofu nyingine, nami nitaisema wazi: nimesikia kwamba klabu za raga zina desturi ya ulevi baada ya mechi, na kijana wetu tumemlea katika dini. Naomba majibu ya watu wanaoujua mchezo huu kwa karibu, hata kama majibu hayo hayatanifurahisha.

Tisa Mstaafu (Malindi)

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Nilicheza nafasi hiyo hiyo katika ligi kuu ya taifa, Kenya Cup, kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nitaanza na kazi yenyewe, maana wengi huitazama bila kuiona.

Timu ya raga ya wachezaji 15 ina mafowadi wanane, ambao hasa huupigania mpira, na mabeki saba, ambao hasa huutumia. Nambari tisa ndiye anayeutoa mpira kwa hao na kuufikisha kwa hawa. Katika skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane, yeye ndiye anayeuingiza mpira na kwa kawaida ndiye anayeuchukua unapotokea nyuma. Lakini skramu ni chache. Kazi kubwa iko kwenye raki: mchezaji anapoangushwa na mpira, wenzake husimama juu yake na kuwazuia wapinzani wasiufikie, na mpira husubiri chini, nyuma ya miguu yao. Katika mechi moja ya kiwango cha juu raki hupita mia moja, na tisa hutakiwa kufika karibu kila raki ya timu yake, akiwa tayari ameshaamua mpira uende wapi. Anaweza kumpa nambari kumi, yule beki anayesimama karibu naye na kuongoza mashambulizi, anaweza kumpa fowadi anayekuja kwa kasi karibu yake, anaweza kuupiga teke la juu ili mawinga waufukuzie, au akakimbia nao mwenyewe akiona mlinzi amezubaa. Refa akishatamka kwamba mpira utumike, timu ina sekunde tano. Kazi hii inafanana na ya mpakizi wa gatini Mokowe anayengoja wimbi liinue mashua ndipo arushe mzigo: akiwahi au akichelewa, mzigo uko majini, hata awe na nguvu za fahali.

Pasi ya tisa hutoka chini, mpira ukiwa bado juu ya nyasi, kulia na kushoto kwa ubora ule ule, bila kuuinua kwanza na bila kurudi hatua nyuma. Anayeuinua mpira kabla ya kuurusha huwapa walinzi hatua mbili za bure, na hatua mbili zinatosha kumfanya nambari kumi aangushwe kabla hajafikiri. Makocha wa klabu wakija kumwangalia kijana wa shule, hilo ndilo jambo la kwanza wanalolitazama. Kukimbia na kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, hufurahisha wazazi. Kocha anahesabu pasi zilizomfikia mpokeaji mbele ya kifua chake akiwa kwenye mwendo, na anahesabu zaidi zile za mkono dhaifu. La pili ni ulimi. Tisa huwaongoza mafowadi wanaomzidi uzito kwa kilo 30 au 40, huwaambia nani aingie raki na nani abaki nje, na hufanya hivyo kwa dakika zote 80 hata anapopumua kwa shida. Kijana mpole asiyependa kunena anaweza kujifunza, lakini nimewaona kadhaa wenye mikono ya dhahabu walioshindwa kwa sababu hakuna fowadi aliyewasikia.

Kuhusu malipo hapa nchini, nisikudanganye. Kenya Cup si ligi ya kulipwa kwa maana kamili. Klabu zilizo na mdhamini mkubwa, mathalani KCB ya Nairobi, ambayo nyuma yake ipo benki, na Kabras ya Kakamega, ambayo nyuma yake kipo kiwanda cha sukari, zina uwezo zaidi wa kumtunza mchezaji. Kwingine mtu hupata posho na nauli, na riziki yake huitafuta kazini. Klabu moja niliyoichezea ilikuwa ikichelewesha hata hizo posho, nasi tulicheza hivyo hivyo kwa sababu tulikuwa vijana na hatukuwa na watoto. Kwa hiyo njia ninayoiona kuwa ya busara kwa mwanao ni chuo kikuu chenye timu. Kenyatta wana Blak Blad, Strathmore wana Leos, na vipo vyuo vingine. Huko atacheza mechi za wachezaji 15 kila wiki ya msimu huku akisoma fani itakayomlisha.

Jambo la mwisho kwa leo. Sifa kubwa ya Kenya duniani ni raga ya wachezaji saba. Mwaka 2016 timu yetu ilitwaa taji la Singapore kwa kuilaza Fiji 30 kwa 7, na vijana wengi huota njia hiyo. Nafasi ya tisa imo humo pia, kwani skramu ya raga ya saba ina mafowadi watatu na bado anahitajika mtu wa kuingiza mpira. Hata hivyo mchezo huo una nafasi kubwa ya uwanja na raki chache, na kijana anayecheza saba peke yake hujifunza kukimbia kabla ya kujifunza kuendesha mechi. Mwache acheze zote mbili, ila asiiache ile ya 15.

Mkereketwa wa Mkomani (Lamu)

Salaam kutoka Amu. Mimi sikuwahi kucheza, ila nimeifuatilia raga ya kimataifa muda mrefu, hata majirani wanashangaa ninavyoiacha kandanda ya Uingereza Jumamosi nzima. Nitajibu yale ya umbo na ya muda, kwa kutumia watu ambao kazi yao inajulikana hadharani.

Ufupi usikutie wasiwasi, mzee wangu. Faf de Klerk, aliyetwaa Kombe la Dunia na Afrika Kusini mwaka 2019 na tena mwaka 2023, ana meta 1.72. Fumiaki Tanaka, tisa wa Japani katika ile mechi ya Brighton ya mwaka 2015 ambapo Japani iliishinda Afrika Kusini 34 kwa 32, ana meta 1.66. Warefu wapo, kama Mike Phillips wa Wales mwenye meta 1.91, lakini mpira wa tisa uko chini, na aliye karibu na ardhi ana safari fupi ya kuufikia. Wembamba ni jambo jingine, kwa sababu mfupi asiyeweza kumwangusha mtu hana kazi. George Gregan, aliyezaliwa Lusaka kwa mama Mzimbabwe na baba Mwaustralia, alipata jina mwaka 1994 mjini Sydney si kwa pasi bali kwa kumrukia Jeff Wilson wa New Zealand aliyekuwa anajitupa kufunga trai. Mpira ukamtoka Wilson mkononi na Australia ikashinda 20 kwa 16.

Huyo Gregan ndiye kipimo cha juu cha urefu wa kazi hii. Aliichezea Australia kuanzia mwaka 1994 hadi 2007, mechi 139, akatwaa Kombe la Dunia la 1999 na kuwa nahodha katika fainali ya 2003, kisha akaenda kumalizia Ufaransa na Japani. Aaron Smith wa New Zealand, ambaye kabla ya raga kumlipa alikuwa akijifunza kazi ya saluni ya nywele, aliingia timu ya taifa mwaka 2012 na kuondoka mwaka 2023 akiwa na mechi 125 na umri wa miaka 34. Hao ni watu wa pekee. Mchezaji wa kawaida anayelipwa hupata mkataba wake wa kwanza wa utu uzima akiwa na miaka kama 20, na akifika 33 au 34 bado anachezeshwa, amebahatika. Utaona kwamba tisa hudumu kuliko mawinga, kwa sababu kasi hupungua kabla ya akili.

Nikitaka kumwonyesha mtu thamani ya kazi hii humwonyesha fainali ya Paris ya tarehe 28 Oktoba 2023. Makocha wa Afrika Kusini walikuwa na wachezaji wanane wa akiba, wakachagua mafowadi saba na beki mmoja, bila tisa wa akiba. Maana yake ni kwamba de Klerk alijua tangu asubuhi kuwa atamaliza dakika zote 80, katika nafasi ambayo timu nyingi hubadilisha mtu baada ya dakika 50 au 60, na kwamba akiumia mwenziwe asiyeizoea nafasi hiyo ndiye atakayeshika kazi. Upande wa pili Smith alifunga trai, ikafutwa kwa kosa lililotangulia, na New Zealand ikalala 12 kwa 11. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya taifa. Baadaye akahamia Toyota Verblitz ya Japani, nchi ambayo de Klerk alikuwa ameshatangulia kwa kujiunga na Yokohama Canon Eagles mwaka 2022. Japani inalipa vizuri na ratiba yake ina mechi chache kuliko ya Ufaransa, ndiyo maana wengi huiendea wakikaribia kustaafu.

Na kuhusu kutoka mji usio na ligi: Will Genia alizaliwa Papua New Guinea, akapelekwa shule ya bweni Brisbane, na hatimaye akaichezea Australia mechi 110. Shule ile ya bweni ndiyo iliyombadilishia njia. Kwa hiyo mimi, tofauti na ndugu Tisa Mstaafu, ningemshauri mzazi atafute nafasi Afrika Kusini mapema iwezekanavyo, katika shule au akademia yenye raga ya kila wiki, badala ya kungoja chuo kikuu cha Nairobi.

Tabibu wa Viungo (Malindi)

Kaka yangu, nitajibu lile la mama yake, kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo na wachezaji wa raga nimewatibu.

Hofu yake ni ya haki. Steve Thompson, fowadi wa Uingereza aliyetwaa Kombe la Dunia la 2003, alitangaza mwaka 2020 kwamba amepatikana na maradhi ya kusahau akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na kwamba haikumbuki fainali aliyoshinda. Yeye alikuwa katika mstari wa mbele wa skramu, mahali ambapo kichwa na shingo hubeba mzigo mzito zaidi, na tisa hayumo ndani ya msukumano huo. Lakini tisa huangusha na kuangushwa kama wengine, na kwa sababu yeye huinama kuuchukua mpira wakati wapinzani wanamjia, mapigo mengi humkuta akiwa hajajiandaa. Antoine Dupont, tisa wa Ufaransa ambaye wengi humwona kuwa bora wa zama hizi, alivunjika mfupa wa shavu katika mechi dhidi ya Namibia kwenye Kombe la Dunia la 2023, na mwezi Machi 2025 akakatika kano ya goti mjini Dublin, jeraha ambalo humweka mchezaji nje kwa miezi mingi. Ninamtaja kwa sababu huyo ana madaktari bora wa nchi nzima. Mwanao atakuwa na nani?

Hilo ndilo swali la kumwuliza mwalimu kabla ya yote. Je, katika mazoezi na mechi za shule yupo mtu aliyefunzwa kutambua mtikisiko wa ubongo? Kanuni ya mchezo kwa vijana haina mjadala: anayeshukiwa kupata mtikisiko hutolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata aseme yuko sawa, na baadaye hurudi kwa hatua, chini ya uangalizi. Shule inayomrudisha kijana uwanjani kwa sababu fainali imebana si shule ya kumwachia mtoto. Swali la pili ni kama wanamfundisha kuangusha kwa bega huku kichwa kikiwa upande salama, kwa maana majeraha mengi ya shingo na kichwa ninayoyaona yanatokana na mtu kuweka kichwa mbele ya goti la anayekimbia.

Kuhusu wembamba, kijana wa kidato cha tatu bado anakua. Mazoezi ya nguvu yaanze na uzito wa mwili wake mwenyewe, shingo ifanyiwe mazoezi yake maalumu, na ale vya kutosha. Samaki Malindi hawajatuishia. Anayenunua unga wa kujaza misuli dukani ili aongeze kilo kumi kabla ya muhula ujao anajitafutia matatizo, na baadhi ya bidhaa hizo huwa na vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Niongeze pia kwamba sheria zimebadilishwa karibuni ili kumlinda tisa zaidi anapotoa mpira kwenye skramu na raki, jambo ambalo nimelifurahia kitaaluma, ingawa wapo mashabiki waliolalamika kwamba mchezo unalegezwa.

Tisa Mstaafu

Nimshukuru Bi Tabibu. Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Amu, ambaye nakubaliana naye kwa yote isipokuwa safari ya Afrika Kusini.

Ni kweli kwamba nchi ile ina raga ya shule ambayo sisi hatuna. Lakini kwa sababu hiyo hiyo klabu zao huchagua vijana wakiwa bado shuleni. Mashindano ya majimbo ya vijana wa chini ya miaka 18, yaitwayo Craven Week, ndiyo soko lao kuu, na anayefika humo amechezeshwa tangu utotoni. Kijana wa kidato cha tatu kutoka hapa akienda leo atakuta foleni, na nafasi yake ina ugumu wa peke yake. Fikirieni hesabu ya klabu. Kikosi cha mechi kina watu 23. Sita kati yao ni wa mstari wa mbele wa skramu, lakini tisa kwa kawaida ni wawili tu. Klabu nzima husajili tisa watatu au wanne. Fowadi wa mbele aliye wa tano katika orodha ya klabu anaweza kucheza nusu ya msimu, ilhali tisa aliye wa tatu huketi jukwaani akivaa suti. Kwa hiyo kwa tisa kijana swali si klabu ina jina gani, bali nani yuko mbele yake na atacheza dakika ngapi. Nimewaona waliokwenda kwenye klabu kubwa Nairobi wakapotea miaka miwili kwenye timu ya pili, na wenzao waliobaki klabu ndogo wakaitwa timu ya taifa.

Hata wanaoingia ligi kubwa hawana usalama wa kudumu. Worcester na Wasps za Uingereza zilifilisika mwaka 2022, London Irish ikafuata mwaka 2023, na wachezaji waliokuwa na mikataba halali wakajikuta bila kazi katikati ya maisha yao. Nazo klabu za Ufaransa, ambako pesa ni nyingi zaidi, zinabanwa na kanuni zinazotaka wawe na wachezaji wengi waliolelewa nchini humo. Mkenya anayepenya huko ni yule ambaye tayari amejulikana kupitia timu ya taifa, na katika raga ya wachezaji 15 Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2018 tulikwenda Marseille kwenye mchujo wa mwisho na tukapoteza mechi zote tatu. Mwaka 2025 Zimbabwe iliifunga Namibia 30 kwa 28 jijini Kampala na kujikatia tiketi ya Australia 2027, nasi tukabaki kutazama. Nasema haya ili mzee ajue kwamba dirisha la kuonekana ni dogo.

Sasa la ulevi. Ni kweli, mzee wangu, desturi hiyo ipo, na kijana wa miaka 19 aliye mbali na nyumbani hukutana nayo mapema. Lakini hakuna anayelazimishwa, na kadiri raga inavyolipa ndivyo makocha wanavyoichukia pombe. Mimi nilikuwa nikila nao kisha naondoka, na hakuna aliyenitenga. Sonny Bill Williams, Mwislamu aliyetwaa Kombe la Dunia mara mbili na New Zealand, hakuificha dini yake. Mechi za ligi yetu huchezwa Jumamosi, kwa hiyo sala ya Ijumaa haina mgongano nazo. Ramadhani huhitaji mazungumzo na kocha ili mazoezi mazito yasogezwe karibu na magharibi, na makocha niliokutana nao walielewa.

Mkereketwa wa Mkomani

Nimekubali hesabu ya tisa watatu au wanne. Sikuwa nimeitazama hivyo. Ila nisingependa mzazi aondoke hapa akidhani milango yote imefungwa kwa sababu ya timu yetu ya wachezaji 15. Dupont huyo aliyetajwa aliyaacha mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya mwaka 2024 akaenda kucheza raga ya saba, na Julai mwaka huo akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris, Ufaransa ilipoishinda Fiji 28 kwa 7. Ikiwa tisa mkubwa wa dunia aliona faida kwenye saba, Mkenya ambaye nchi yake inajulikana kwa saba asione haya kuanzia huko.

Niongeze pia mtu ambaye kazi yake ilikua zaidi baada ya kuvua njumu. Agustín Pichot wa Argentina, aliyecheza Uingereza na Ufaransa, aliiongoza nchi yake kushika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 2007, kisha akaingia utawala wa mchezo na kuwa makamu mwenyekiti wa shirikisho la dunia kuanzia 2016 hadi 2020. Tisa wengi huishia ukocha, utangazaji au uongozi, na sidhani ni bahati tu, kwa kuwa wamekaa miaka kumi na zaidi wakiwaamuru watu na kubishana na refa kwa adabu.

Mzazi wa Maweni

Mmenifumbua macho, na Mungu awalipe. Nimemsomea mama yake maelezo ya Bi Tabibu, naye ameniagiza niende shuleni kuuliza yale maswali mawili mimi mwenyewe, si kwa simu.

Limebaki jambo moja ambalo sikulisema mwanzo. Mwalimu ameniambia kwamba yupo bwana mmoja anayejiita wakala, ambaye anaahidi kumpeleka kijana majaribio ng'ambo mara atakapomaliza kidato cha nne, na anataka familia ilipe ada ya kuandikishwa kabla ya mwezi ujao. Ningelazimika kuuza injini ya mashua. Je, ndivyo mambo yanavyokwenda? Na kama sivyo, kijana afanye nini katika mwaka huu mmoja na nusu uliobaki?

Tisa Mstaafu

Usiuze injini, mzee. Wakala wa kweli hula asilimia ya mkataba uliokwisha kutiwa sahihi. Akitaka fedha ya mzazi kabla ya klabu kuandika barua, biashara yake ni wazazi. Mwambie akuletee barua ya mwaliko yenye jina la klabu na la mtu anayehusika, kisha sisi tutaiandikia klabu hiyo moja kwa moja kuuliza kama barua ni yao. Ninatabiri hutamwona tena.

Muda uliobaki unatosha kama utatumiwa kwa jambo linalokosekana hapa, yaani mechi za 15 dhidi ya watu wanaomzidi. Wakati wa likizo apelekwe Mombasa, ambako kuna raga katika Mombasa Sports Club, au avuke feri aende Diani kwa South Coast Pirates, akafanye mazoezi na watu wazima bila kucheza mechi zao mpaka Bi Tabibu aseme mwili wake umekuwa tayari. Shuleni amwombe mwalimu amchezeshe tisa katika kila mechi ya muhula wa kwanza, ambao ndio wa raga ya 15 katika michezo ya shule za upili, na asikubali kuhamishwa kuwa winga kwa sababu tu ana kasi. Mechi zirekodiwe hata kwa simu, mtu akiwa amesimama juu katikati ya uwanja, ili zionekane pasi zote, nzuri na mbovu. Kocha wa chuo kikuu akitumiwa dakika 80 kamili humwamini kijana kuliko akitumiwa trai tatu zilizounganishwa kwa muziki. Na alama za mtihani zisishuke, kwani chuo hakimsajili mtu kwa pasi pekee.

Shule zikifungwa mlete kwangu asubuhi, kabla jua halijapanda. Aje na njumu na kinga ya meno, na kwa wiki ya kwanza tutatumia mkono wa kushoto tu.

Tabibu wa Viungo

Kabla ya hiyo wiki ya kwanza apitie kwangu nimpime mabega na magoti. Sitatoza chochote.